Panya wa Gari Lisilozinduliwa

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ipo, imechorwa vizuri sana, ina mito ya bluu na milima ya kahawia, lakini imekunjwa kabatini ikisubiri kuzinduliwa. Sisi wenyeji tunajua tu kwamba tupo mahali fulani, na tunashukuru.

Inaitwa Jamhuri ya Utepe. Mimi ni fundi cherehani katika wilaya ya Tandikani, jina langu Makame, na kibaraza changu kinatazamana na ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wageni wakitutembelea hutucheka. Hawaelewi kwamba kila taifa lina jambo lake moja takatifu, na letu ni hili: kitu hakiwi kitu mpaka Mzinduzi Mkuu akate utepe wake. Mzinduzi Mkuu ndiye kiongozi wetu. Hana kazi nyingine, na hiyo moja imemwelemea, maana nchi ni kubwa na mkasi ni mmoja.

Msije mkadhani tunaonewa. Tuna daraja la zege, jipya, limefungwa utepe huku na huku. Wananchi hupandisha nguo zao wakavuka majini chini yake, na wakifika katikati hutazama juu na kulisifu. Shule yetu ina vyoo vipya. Wanafunzi huenda vichakani, lakini huenda kwa mstari. Na zahanati ina wodi ya wazazi yenye vitanda ambavyo havijavuliwa nailoni, na mlangoni pana utepe nilioushona mimi mwenyewe, nikaupiga pindo pande zote mbili.

Wodi hiyo ndiyo iliyomfanya jirani yangu Kondo atake udereva. Mwaka uliotangulia mke wake, Siajabu, alishikwa na uchungu. Wakamfikisha wodini, akalazwa sakafuni barazani, nje ya utepe, akawa anavitazama vile vitanda kupitia dirishani. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, nesi akasema haya siyawezi, mpelekeni hospitali ya ng'ambo ya kilima. Wakampakia kwenye baiskeli. Mtoto, wa kiume, alifia njiani. Sanda yake nilishona mimi, na sijawahi kuuchukia uzi kama siku ile.

Lakini hii ni hadithi ya panya, basi tuendelee na panya.

* * *

Gari la wagonjwa lilitolewa na wafadhili, watu wa mbali wenye tabia ya kutoa kitu na kujipiga nacho picha. Lilikuja jeupe, lina taa kichwani, lina kitanda cha magurudumu ndani. Kondo ndiye aliyeajiriwa kulileta. Baadaye watu waliuliza, gari liliwezaje kutembea kabla ya kuzinduliwa? Afisa Itifaki wa wilaya, Bwana Saburi, aliyetimiza kazi zake zote kwa tai shingoni hata kwenye joto la kupasua mawe, alieleza kwamba njiani lilikuwa bado la wafadhili. Lilipoingia uwanjani likawa letu. Na lilipokuwa letu likasimama.

Lilifungwa utepe mwekundu wa hariri, nao niliupiga pindo mimi, kutoka kioo cha pembeni cha kulia hadi cha kushoto, ukapita mbele ya boneti. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Nyangalio, alitangaza kwamba Mzinduzi Mkuu mwenyewe angekuja tarehe itakayotangazwa. Tukashangilia. Sisi tunapenda sana tarehe itakayotangazwa. Haijawahi kutuangusha.

Siku ile ile ukaja mchele wa pilau ya uzinduzi, magunia kwa magunia, pamoja na karanga za wageni. Pa kuuweka hapakuwa. Ghala la zamani lilikuwa limebomolewa ili kupisha ghala jipya, na ghala jipya lilikuwa na utepe. Vichwa vikauma. Bwana Saburi akalizunguka gari, akalitazama kwa mbele, akalitazama kwa nyuma, kisha akatoa uamuzi ambao hadi leo hufundishwa:

"Utepe upo mbele. Kilichozuiwa ni safari. Gari lisilosafiri ni chumba, na chumba chaweza kuwekwa mchele."

Mchele ukaingizwa kwa mlango wa nyuma, ukalazwa juu ya kitanda cha wagonjwa na kufunikwa shuka.

Kazi ya Kondo ikawa kulifuta vumbi gari asiloliendesha. Alilifuta asubuhi, akalifuta jioni. Siajabu alikuwa mjamzito tena, na kila alipopita kuelekea sokoni aliligonga ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayechagua ng'ombe. Siku moja Kondo alikuja kibarazani kwangu kuniomba kitambaa cha kufutia, akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, safari hii sipakii mtu kwenye baiskeli. Hata wanifunge."

"Litazinduliwa kabla," nikamwambia.

"Insha'Allah," akasema, lakini alilisema kama mtu anayejaribu kiatu kinachombana.

Wiki chache baadaye alisikia mkwaruzo chini ya boneti. Akainua. Juu ya injini palikuwa na kiota kizuri cha pamba, nyuzi na vipande vya shuka, na ndani yake panya mama na watoto wake, wekundu, macho hawajafungua. Kwa hiyo gari letu lilikuwa limeshaanza kazi. Mzazi wa kwanza alikuwa amejifungua salama, isipokuwa hakuwa mwananchi.

* * *

Mheshimiwa Nyangalio alipopata habari hakulala kwenye wajibu. Aliunda Kamati ya Kulinda Gari Dhidi ya Panya na Viumbe Wanaofanana Nao. Wakawekwa wakuu wa idara, mwakilishi wa vijana, mwakilishi wa wazee, mtu wa usalama ambaye hakutajwa jina ingawa ni mume wa dada yangu, na kiti kimoja kikabaki. Mkuu wa Wilaya akatazama huku na huku, akaniona ng'ambo ya barabara nikitunga uzi kwenye sindano, akanipungia. Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa kuwakilisha wananchi wa kawaida.

Vikao vilifanyika chini ya turubai, kando ya gari lenyewe, ili tuwe karibu na tatizo. Tulipewa chai, sambusa na karanga. Makombo yalidondoka. Nakumbuka kikao cha kwanza pande zote mbili zilikula, sisi juu ya meza na panya chini yake.

"Ndugu wajumbe," alifungua Mheshimiwa Nyangalio, "panya ni mdogo kwa umbo lakini ni mkubwa kwa nia mbaya. Tujiulize: ametumwa na nani? Anataka nini? Kwa nini ameingia kwenye gari letu wakati nchi jirani nayo ina magari?"

Hoja nzito. Mwakilishi wa wazee alisema panya wa zamani walikuwa na adabu. Mwakilishi wa vijana aliomba vijana wapelekwe ziara ya mafunzo ng'ambo wakajifunze panya wa huko. Tulikuwa katikati ya kuijadili ziara hiyo Siajabu alipofika na sufuria ya chakula cha mumewe. Akasimama akasikiliza kidogo, mkono kiunoni.

"Waheshimiwa, shikamooni."

"Marahaba, mama."

"Samahani kuwakatisha. Si mtoe mchele?"

Nilimwona Bwana Saburi akishusha sambusa yake taratibu.

"Mimi nyumbani nikiweka mchele chumbani, panya wanakuja," akaendelea Siajabu. "Nikiutoa wanakwenda kwa mwingine. Na hili gari liwasheni, lizunguke zunguke hata hapo uwanjani. Panya hazalii kwenye nyumba inayotembea."

Mimi mwenyewe nilikuwa nalijua hilo. Sote tulikuwa tunalijua, hakuna asiyekaa nyumba yenye panya. Lakini kujua jambo na kulisema kikaoni ni vitu viwili tofauti. Mheshimiwa Nyangalio alitabasamu.

"Mama, tunakushukuru kwa mchango wako. Ila hayo ni mambo ya jikoni. Hapa tunashughulikia suala la kitaifa."

Bwana Saburi akafafanua kwa upole kwamba mchele hauwezi kutoka mpaka siku ya pilau, pilau haiwezi kupikwa mpaka siku ya uzinduzi, na gari haliwezi kwenda mpaka utepe ukatwe. Mambo hayo matatu yalikuwa yameshikana mikono, na yeye hakuwa mtu wa kutenganisha wapendanao.

Kondo, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akakohoa. "Mheshimiwa, na nikirudisha nyuma tu? Utepe uko mbele. Nyuma hakuna kitu."

Wajumbe tukatazamana. Hoja ilikuwa na mashiko, nami nilihisi kikao kikiyumba kama kitanda chenye mguu mmoja mfupi. Ndipo Mheshimiwa Nyangalio aliposimama, akafunga kifungo cha koti, akanguruma:

"Serikali hii hairudi nyuma!"

Makofi yakalipuka. Hata mimi nilipiga. Ilikuwa sentensi nzuri.

* * *

Zikaanza hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa kibao, kilichosimikwa mbele ya gari: PANYA HAWARUHUSIWI KUINGIA. KWA AMRI. Asubuhi tulikuta neno la mwisho limetafunwa. Mtu wa usalama akaandika kwamba panya hao wana elimu.

Hatua ya pili ilikuwa kipaza sauti. Mheshimiwa Nyangalio alilihutubia gari mchana kutwa, akiwataka panya watoke kwa hiari, akiwaahidi msamaha, na akiwaonya kwamba uvumilivu wa serikali una mwisho. Watoto wa panya, ambao sasa walikuwa wamefumbua macho, walichungulia kwenye matundu ya mbele wakasikiliza. Nadhani walikuwa kundi la kwanza Tandikani kumsikiliza bila kuletwa kwa lori.

Hatua ya tatu ilikuwa paka. Paka wa mtaani wapo tele, lakini huwezi kumkabidhi mali ya umma paka usiyemjua. Ikatangazwa nafasi ya kazi. Akapatikana paka wa shemeji yake Mkuu wa Wilaya, mnene, mpole, ambaye kwa maelezo ya mwenyewe alikuwa na uzoefu. Akapangiwa maziwa kila siku na msimamizi wa kumnywesha. Msimamizi alinenepa. Paka naye alipojaribu kuingia chini ya boneti, Bwana Saburi alimkamata mkia: njia ile inapita chini ya utepe, na hakuna mtumishi wa serikali apitaye chini ya utepe usiokatwa. Paka akapewa kiti kwenye kamati. Alikuwa mjumbe mzuri. Alilala kama sisi lakini hakukoroma.

Hatua ya nne ilikuwa mtaalamu mwelekezi kutoka makao makuu. Alikuja na vile vidonge vyeupe vya kuwekea nguo kabatini, akavitundika kila mahali kwenye vifuko vidogo, akapaka na mafuta ya taa kwenye matairi, kisha akatufanyia semina ya harufu. Gari likanuka kiasi kwamba sisi ndio tuliohama. Panya walikohoa siku mbili tatu, wakazoea, wakavitumia vile vifuko kama mito.

Hatua ya tano ndiyo iliyonipa matumaini. Ikaletwa mitego, ya chuma, mikali, inayoweza kuvunja kidole. Kondo aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Akachukua kipande cha samaki mkavu, akainama kuutega wa kwanza, na Bwana Saburi akamshika bega.

"Umeangalia vizuri?"

Kila mtego ulikuwa na utepe wake mdogo.

Kondo alikaa chini pale pale, kwenye vumbi alilolifuta asubuhi. Nikamsikia akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima, nikaona aibu, ingawa kamati haina kipengele cha aibu.

* * *

Tarehe ikatangazwa. Ikaahirishwa. Ikatangazwa nyingine, ikaahirishwa kwa sababu Mzinduzi Mkuu alikuwa akizindua kalenda. Tumbo la Siajabu halikuahirishwa. Lilikua kwa utaratibu wake lenyewe, bila kumuuliza mtu.

Wakati huo panya walikuwa wamemaliza karanga na kuhamia kwenye waya. Kondo alifungua boneti akakuta waya zimeachwa shaba tupu, nyingine hazipo kabisa. Akaenda mbio kwa Mkuu wa Wilaya, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, wamekula waya. Gari haliwaki."

"Umejaribu kuliwasha?" aliuliza Mheshimiwa Nyangalio, macho yamemtoka.

"Sijajaribu. Naona tu."

"Ah." Akatulia. "Basi usijaribu, na hutajua. Gari litazinduliwa limesimama. Siku ya pili ni juu ya bajeti nyingine."

Lakini king'ora je? Wageni wangetaka kusikia king'ora, na waya wake ulikuwa umeliwa wa kwanza. Likaundwa kundi la kwaya lijifunze kulia kama king'ora, sauti nne, akina mama wakianza, besi wakipokea. Nililishonea sare. Lililia vizuri mno, na jirani mmoja asiye na habari alikimbia akajificha mvunguni.

Siajabu aliwasikia wakifanya mazoezi, akaja kukaa kwenye benchi langu, miguu imemvimba.

"Fundi Makame, hawa watu wanajifunza kulia badala ya gari. Mimi nani atajifunza kuzaa badala yangu?"

"Subira yavuta heri, shemeji," nikasema, kwa kukosa la kusema.

Alinitazama. "Mwaka jana nilisubiri barazani, Fundi. Nilikuwa nakiona kitanda. Sasa sisubiri tena, nakwambia. Likiwa limekufa, lisiwe limekufa, siku yangu ikifika mimi naingia humo."

* * *

Siku yake ilifika mchana wa mazoezi makuu, wakati karibu watu wote wa Tandikani walikuwa uwanjani. Bendi ya matarumbeta ilikuwepo, mgambo walikuwepo, kwaya ya king'ora imevaa sare, wapishi wamepanga mawe ya meko. Mheshimiwa Nyangalio alikuwa akicheza nafasi ya Mzinduzi Mkuu, anakata hewa kwa mkasi wa mbao. Kondo akaja anakimbia kutoka zahanati, shati limemganda.

"Mheshimiwa, mke wangu! Nesi Tausi amempima, mtoto amekaa vibaya tena, anasema lazima hospitali. Sasa hivi."

Bwana Saburi akafungua ratiba. "Mgonjwa yupo, kipengele cha mwisho kabla ya pilau. Lakini tulishamteua. Ni binamu yake Mheshimiwa."

Binamu, mwanamke mwenye afya njema, alisimama akapunga mkono.

"Hawezi kujikaza mpaka wiki ijayo?" aliuliza Mheshimiwa Nyangalio, na nataka ieleweke kwamba aliuliza kwa huruma.

Kabla Kondo hajajibu, majirani walikuwa wameshaingia uwanjani, wamembeba Siajabu kwenye kitanda cha kamba, nami nikakimbia kuwasaidia kubeba, Nesi Tausi anatembea ubavuni ameshika mkono wake. Tulimtua mbele ya gari kupumzisha mabega. Siajabu akageuza uso, akauma meno, akanyoosha kidole.

"Umekatika," akasema.

Tukatazama. Utepe, ule wa hariri niliopiga pindo pande mbili, ulikuwa unaning'inia vipande viwili. Bwana Saburi akapiga magoti, akaushika, akaukagua. Ulikuwa na alama za meno.

Sasa, Katiba yetu ina ibara moja tu isiyobadilishwa: kitu ambacho utepe wake umekatwa, kimezinduliwa. Haisemi umekatwa na nani, kwa sababu waliokaa kuiandika hawakufikiria kwamba nchini kuna mwingine mwenye meno. Kwenye matundu ya mbele ya gari akatokea panya mama, masharubu yana uzi mwekundu, akatutazama. Na Bwana Saburi, mtu ambaye maisha yake yote ameinama mbele ya anayekata utepe, aliinama.

"Saburi!" alifoka Mheshimiwa Nyangalio.

"Ni mazoea, Mheshimiwa," alisema Bwana Saburi akiwa bado ameinama. "Lakini gari limezinduliwa. Siwezi kusema vinginevyo. Kisheria limezinduliwa."

Hakuna aliyengoja azimio la kamati. Tulifungua mlango wa nyuma, tukatupa magunia nje, au tuseme kilichobaki cha magunia. Panya wakamwagika wakitukanyaga miguu, na paka, mjumbe mwenzangu, akapanda juu ya kiti cha Mkuu wa Wilaya. Tukamwingiza Siajabu na Nesi Tausi. Kondo akakaa kwenye usukani ambao alikuwa ameufuta miezi yote ile, akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata kikohozi hakikutoka.

Kondo akainamisha kichwa juu ya usukani. Ndani tukamsikia Siajabu akilia, si kwa sauti kubwa, kilio cha mtu anayejua njia anayopelekwa. Nikasikia mwili wangu wote umekasirika. Nikaenda nyuma ya gari, nikaweka mabega, nikasukuma peke yangu kama mwendawazimu. Halikusogea. Kisha mpiga tarumbeta mmoja akaweka tarumbeta lake chini akaja. Wakaja mgambo. Wakaja wapishi na miko yao. Mwishowe kila aliyeletwa kushangilia alikuwa nyuma ya gari lile, na gari likatoka uwanjani.

Tukalisukuma kilima chote. Kwaya ikatangulia mbele ikilia sauti nne, barabara ikafunguka, mikokoteni ikapisha, na polisi wa njia panda alipiga saluti bila kujua anampigia nani. Karibu na kilele Mheshimiwa Nyangalio alitufikia anahema, akaingia kiti cha mbele, maana kiongozi hawezi kuachwa nyuma na maendeleo. Kilele kilipopita, gari likaanza kuteremka lenyewe. Kondo alilishika kwa usukani na breki ya mkono, ambayo panya hawakuionja, na likaingia lango la hospitali kimya kimya.

Jioni Siajabu alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kutosha kwaya nzima. Kondo alikaa chini nje ya mlango akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikamshikia kofia.

* * *

Makao makuu hawakucheka. Gari lilizinduliwa na panya, kwa hiyo kwa siku hiyo panya alikuwa nani? Swali hilo halikuweza kuulizwa, na lisiloulizika lazima lisiwe limetokea. Ikaamuliwa: utepe haukukatika. Kwa hiyo gari halikuzinduliwa. Kwa hiyo halikusogea. Kwa hiyo hakuna aliyebebwa. Gari likakokotwa usiku kurudishwa uwanjani, likafungwa utepe mpya, wa waya safari hii.

Likabaki tatizo moja dogo, lenye uzito wa kilo tatu na ushee. Mheshimiwa Nyangalio na Bwana Saburi wakaenda kumwona Siajabu nyumbani. Nilikuwapo, nimepeleka vijinguo nilivyoshona.

"Dada," alisema Bwana Saburi, tai imemkaza, "kwa mujibu wa itifaki, wewe bado una mimba."

Siajabu alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa.

Wakamweleza. Siku ya uzinduzi alale garini, mto tumboni. Mzinduzi Mkuu akate utepe, mgambo waliojificha walisogeze gari hatua kadhaa, mlango ufunguliwe, mto utolewe, mtoto aingizwe. Taifa litaona mama wa kwanza aliyeokolewa. Mzinduzi Mkuu atamuuliza hali, naye atajibu sentensi aliyoandikiwa.

"Na nikikataa?"

Mheshimiwa Nyangalio akatazama dari. "Kondo ni dereva mzuri. Ingesikitisha wilaya kumpoteza."

Kondo alikuwa mlangoni. Siajabu akamtazama mumewe, akamtazama mtoto, akamrudishia ziwa.

"Nitakuja," akasema.

Akaja. Mzinduzi Mkuu naye alikuja kweli, mtu mnene mwenye uso wa usingizi, kidole gumba kimeota sugu ya mkasi. Akakata. Matarumbeta yakalia, kwaya ikalia, gari likasogea kimiujiza. Mlango ukafunguliwa. Siajabu alikuwa amekaa kitandani, mto ameuweka chini akaukalia, na mtoto yuko mgongoni kwenye mbeleko, macho makavu, amekua kiasi cha kushika shingo yake mwenyewe.

Mzinduzi Mkuu aliinama, akasogeza kipaza sauti, akasoma: "Mama, unajisikiaje?"

"Salama, Mheshimiwa."

Haikuwa sentensi aliyoandikiwa. Mzinduzi Mkuu akamtazama mtoto kwa mara ya kwanza, akasahau karatasi.

"Huyu ndiye amezaliwa sasa hivi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Huyu alizaliwa kabla hujaja. Kaka yake ndiye aliyekusubiri."

"Vizuri sana!" alisema Mzinduzi Mkuu, akanyoosha mkono tayari kusalimia. "Yuko wapi huyo kijana?"

"Tulimzika," akasema Siajabu.

Kipaza sauti kililipeleka neno hilo uwanja mzima, hadi kwa wapishi. Mzinduzi Mkuu aligeuza karatasi upande wa pili. Hapakuwa na kitu. Mkono wake ulibaki umenyooka, hakuna wa kuushika. Mheshimiwa Nyangalio, ambaye kila Mzinduzi Mkuu akinyamaza yeye hupiga makofi, akaanza kupiga. Alipiga kwa muda, peke yake, huku sisi wengine wote tukimtazama.